Moshi Chini ya Zulia

Mvua ilianza kabla ya alfajiri, na mpaka saa nne ilikuwa haijaonyesha nia ya kwenda kwao. Yadi ya polisi ilijaa madimbwi yenye utando wa mafuta, na magari yaliyokamatwa yalikaa humo kama wagonjwa wasio na wa kuwatembelea. Gari la marehemu lilikuwa limesukumwa chini ya banda la bati. Lilikuwa gari dogo jeupe, la kawaida kabisa, la mtu anayelipa kidogo kidogo mpaka linakuwa lake. Bi Kwanini alisimama mbele yake, mikono mfukoni, akimsubiri fundi wa yadi amalize chai.

Jina hilo alibandikwa na askari wenzake, naye hakulikataa. Alikuwa mpelelezi wa makosa makubwa, mwanamke mrefu mwenye koti lililochoka, na hakuna jambo aliloambiwa akaacha kuuliza kwa nini. Wakubwa zake walimwona kero, ila kesi ikiwashinda humtafuta yeye.

Kesi hii haikuwa imewashinda, na hilo ndilo lililomkera. Mkuu wa kituo alikwishaimaliza akiwa amekaa kitini. Mwanamume alikutwa amekufa ndani ya gari lake nje ya kiwanda cha mikate, vioo vimefungwa, injini inanguruma, kipasha joto kimewashwa. Alikuwa amekwenda kumchukua mkewe anayefanya kazi zamu ya usiku. Daktari aliikuta damu yake imejaa sumu ya moshi wa gari. Karibu na gari palikuwa na mpira wa maji wa kuoshea sakafu ya kiwanda. Mke ndiye aliyemkuta, na juma hilohilo majirani walikuwa wamemsikia akimfokea mumewe uani: "Gari hili litakuja kukuua!" Juu ya yote hayo, baba wa marehemu, mzee anayeheshimiwa mji mzima, alikuja kituoni akapiga meza akisema muuaji wa mwanawe ni mkwewe. Kesho asubuhi mwanamke huyo angepandishwa mahakamani kwa kosa la mauaji, na kosa hilo halina dhamana.

"Gari ni zima," fundi wa yadi alisema, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Nimeshachomeka mashine. Taa ya injini haiwaki, hakuna namba ya hitilafu hata moja. Kama gari ni zima, moshi uliingizwa na mtu. Mpira si ule mlioukuta?"

"Mpira nimeuangalia. Ndani ni msafi, unanukia maji. Nimeujaribu kwenye ekzosi, unapwaya. Ungepitisha moshi, ungebaki na masizi."

"Basi sijui."

"Mashine yako inasema gari halina hitilafu, au inasema halikumbuki?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake. Akaingia garini, akaichomeka tena ile mashine ndogo kwa waya chini ya usukani, akabofya bofya.

"Haya. Gari la kisasa hujipima lenyewe, afande. Linapima moshi wake, linapima masega, kile kichujio cha ekzosi chenye vitundu kama mzinga, linapima sensa zake. Hapa vipimo vyote havijakamilika."

"Kwa nini?"

"Kumbukumbu imefutwa. Mtu alichomeka mashine kama hii, akafuta namba, taa ikazimika. Tangu hapo gari limetembea kidogo tu, halijapata nafasi ya kujipima upya."

"Umefuta wewe?"

"Mimi?" Aliapa kwa mama yake na kwa shangazi zake wawili. "Tangu liingie hapa injini haijawashwa."

"Kwa hiyo lilifutwa kabla hajafa, na si muda mrefu kabla. Hakuna mahali pengine linapoandika?"

Fundi alijikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba mahali palikuwepo na kwamba alikuwa hajajisumbua kupatazama. "Kuna hitilafu sugu," alisema hatimaye. "Zile za juu unazifuta kwa mashine. Hii ya chini haifutiki nayo, gari lenyewe ndilo linaloifuta, likisharidhika kwamba limepona." Akabofya tena. "Ipo. Sensa ya moshi, ya mbele. Inasema kwenye ekzosi kuna hewa nyingi kupita kiasi. Sensa mbovu hiyo, afande, kitu cha kawaida. Unabadilisha, unafuta taa, mteja anakwenda zake."

"Nionyeshe sensa yenyewe."

Walilipandisha gari kwenye jeki, fundi akaingia chini na tochi, na Bi Kwanini akapiga goti kwenye saruji iliyolowa. Bomba zima la ekzosi lilikuwa na kutu ya miaka. Katikati ya kutu hiyo sensa iling'aa, mpya kabisa.

"Mtu kaibadilisha," fundi alisema kutoka chini.

"Na baada ya kuibadilisha taa ikawaka tena, ndiyo maana akaifuta." Bi Kwanini aliinuka akipangusa goti. "Mimi nikimwondoa shahidi mmoja, nikamleta mwingine, naye akasema yaleyale, huwa siwashuku tena mashahidi. Hewa hiyo nyingi inaweza kuingia wapi?"

Fundi alikaa chini ya gari kwa muda. Alipotoka, ubishi ulikuwa umempungua.

"Ekzosi ikiwa na ufa kabla ya sensa, huvuta hewa," alisema. "Ikivuta hewa, sensa inapiga kelele. Na panapoingia hewa ndipo panapotoka moshi."

"Usiguse kitu. Narudi."

Mke wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, bado na sare yake ya kiwandani, unga umekauka kwenye pindo. Hakuwa akilia. Alikuwa amefika pale mtu anapofika machozi yakiisha, akabaki anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Dada," Bi Kwanini alisema, akivuta stuli. "Sikuja kukuuliza kama umeua. Nakuuliza gari."

"Gari limefanya nini tena?"

"Ulisema litamuua. Kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa linaniua mimi." Alisema bila kuinua sauti. "Kila asubuhi akija kunichukua, tukifika nusu ya njia kichwa kinanigonga. Natapika. Nikishuka, nikikaa uani kidogo, naona nafuu."

"Na yeye?"

"Yeye huendesha kioo chake kiko chini, kiwiko nje. Ndivyo alivyo." Alisita. "Ndivyo alivyokuwa. Mimi nina baridi yabisi, changu nafunga."

Bi Kwanini alitazama mvua dirishani. Ilikuwa ikinyesha siku ile pia. Mwanamume alifika mapema, akapandisha kioo chake kwa sababu ya mvua, akawasha kipasha joto, akasinzia.

"Ulimwambia mtu kwamba unaumwa?"

"Kila mtu alijua. Walifurahi."

"Walifurahi?"

"Mwanamke aliyeolewa anatapika asubuhi, dada. Wewe ungesemaje?" Alijifuta mikono kwenye sare. "Baba mkwe alininunulia kiti cha kuegemea. Akaanza kuniita mama fulani, kila siku na jina jipya, anajaribu lipi litamkaa mjukuu. Nilipokwenda kupimwa nikaambiwa hakuna kitu. Mume wangu nilimwambia. Baba tulishindwa kumwambia. Tulisema tutamwambia baadaye."

Bi Kwanini alisogeza stuli karibu zaidi, maana kazi ilikuwa haijaisha. "Taa ya injini ilikuwa ikiwaka?"

"Inawaka, inazimwa. Inawaka, inazimwa."

"Na nani?"

Mwanamke alianza kukwangua unga uliokauka kwenye pindo.

"Sensa mpya aliifunga nani?"

Mwanamke aliinamisha kichwa.

"Kesho unapelekwa mahakamani. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Basi mtaje fundi. Mumeo alikuwa akipeleka gari kwa nani?"

"Hajawahi kulipeleka gari kwa fundi wa nje maisha yake yote," alisema, na alipoona sura ya mpelelezi akajua kwamba amesema. Akaushika mkono wa Bi Kwanini kwa nguvu. "Usimwambie. Nakuomba. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Mnataka mumfanye nini tena yule mzee?"

"Amekuja hapa kukushitaki wewe."

"Ana msiba. Mtu mwenye msiba husema."

Baba mkwe huyo mji mzima ulimwita Mzee Sikio. Alitengeneza magari kabla ya barabara nyingi za mji ule kutiwa lami, na sifa yake ilikuwa moja: hakuhitaji mashine. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, akakwambia ugonjwa. Nusu ya mafundi wa mji walipita mikononi mwake, na fundi wa yadi alikuwa mmojawapo. Mashine ya kusomea namba alinunuliwa na mwanawe, naye aliitumia kwa kazi moja tu, kuzima taa, kwani aliamini taa zile zimewekwa na wenye viwanda ili watu wanunue vipuri.

Alikuja yadini mchana, bisibisi mkononi, koti linachuruzika. Mkuu wa kituo alitoka naye, mwavuli mmoja wawili.

"Bi Kwanini, unamsumbua mzee wa watu kwa lipi?" mkuu aliuliza.

"Nataka msaada wake. Fundi wetu anabishana na mashine. Nimesema nimwite mwenye sikio."

Mzee alimtazama mdomoni alipokuwa akisema, akitabasamu kwa mbali. "Sawa, mwanangu. Nitawasikilizia. Halafu mnipe haki ya mwanangu."

"Shikamoo, mwalimu," fundi wa yadi alisema akiwa ameinama nyuma ya boneti.

Mzee hakuitikia. Bi Kwanini alisubiri kidogo, kisha akazunguka polepole mpaka nyuma ya mgongo wake. "Mzee," alisema kwa sauti ya kawaida, "sensa hii ulifunga wewe?"

Mzee aliendelea kukunja mikono ya koti. Hakugeuka. Mkuu wa kituo alifungua kinywa, Bi Kwanini akamtikisia kichwa. Hakulifurahia alilolipata. Kwa kweli alitamani angekosea.

"Washa," alimwambia fundi.

Injini iliwaka ikiwa baridi, na mara, chini ya ngurumo yake, wote wakasikia. Tik, tik, tik, tik, kavu, ya haraka, kama kucha juu ya sahani. Ilitoka chini, upande wa abiria. Hata mkuu wa kituo, ambaye hajawahi kufungua boneti ila kujaza maji, aliinama kuangalia.

Mzee Sikio aliweka bisibisi yake kwenye injini. Akaegemeza mpini sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, uso umetulia, na ile tik tik ikiendelea miguuni pake.

"Safi," alisema. "Injini inaimba. Nimeitunza mwenyewe hii."

"Mwalimu," fundi wa yadi alianza, "hiyo sauti…"

Bi Kwanini alimnyamazisha kwa mkono. "Zima. Lete moshi."

Fundi aliziba mdomo wa ekzosi kwa matambara, akapitishia bomba jembamba, na kwa pampu akasukuma moshi mweupe uliokuwa ukifuka kutoka kwenye kopo la matambara yenye mafuta. Walifunga milango na vioo vyote, wakasimama kutazama. Moshi ulitokea kwanza chini ya gari, kwenye maungio ya bomba kabla ya masega, ukajikunja juu. Kisha ukaonekana ndani. Ulitoka taratibu chini ya zulia, mbele ya kiti cha abiria, ukapanda kwenye kiti, ukajaa mpaka usukani haukuonekana.

Mzee Sikio alisogea, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Kuna tundu," alisema. Sauti yake ilipanda. "Kuna tundu sakafuni! Fundi gani huyu? Waya wa sensa unapita sakafuni, na una mpira wake wa kuziba. Mpumbavu kapitisha waya akaacha mpira! Huyu si fundi, huyu ni muuaji. Mtafuteni! Mtafuteni mumfunge yeye!"

Alifungua mlango mwenyewe, moshi ukampiga usoni, akapiga magoti na kulivuta zulia. Waya ulikuwa pale, unapenya kwenye tundu lililo wazi kabisa, na chini unaonekana mwanga wa saruji. Aliufuata kwa vidole mpaka kwenye kiungo, mahali waya wa zamani ulipokatwa na kuungwa na mpya. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwanza, duara kwa duara, nadhifu kama pindo la suruali, kisha ndipo utepe ukapita juu. Siku hizi hakuna anayepoteza muda hivyo.

Fundi wa yadi aligeuka akatazama ukutani. Yeye pia alifundishwa kufunga vile, ila aliacha zamani.

Vidole vya mzee vilibaki kwenye kiungo. Mvua ilipiga bati. Alipozungumza, hakuwa akimsemesha mtu.

"Mpira wa zamani haukuingia kwenye waya mpya. Nikamwambia nenda, nitakuletea mwingine kesho." Akaupapasa uzi wa kiungo. "Kila akija alikuwa anataka kuniambia kuna sauti. Namwambia hakuna sauti. Mimi ndiye Mzee Sikio, nitamwambiaje kwamba sisikii?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanenavyo, ila methali haikusema kitu kuhusu mtu ambaye maradhi ni yake na kifo ni cha mwanawe.

Bi Kwanini alichuchumaa mbele yake ili mzee auone mdomo wake. "Mzee. Mwanao alikuamini. Hilo si kosa lake."

"Na mkwe wangu alilijua?"

"Alijua nani alilitengeneza gari. Alikataa kukutaja. Nimemlazimisha, na bado hakutaja."

Mzee alifunika uso. Kisha akaushusha mkono ghafla, macho yamemtoka. "Mjukuu wangu. Amelala sakafuni mle mahabusu na hali ile? Mtoeni! Mtoeni upesi, asije akampoteza na mtoto."

Mkuu wa kituo alitazama viatu vyake. Bi Kwanini alikuwa amewaambia watu mengi mabaya katika kazi yake, na daima aliyasema moja kwa moja, kwa kuwa kuzungushazungusha humchosha msikilizaji bure. Safari hii alichukua muda kabla ya kufungua mdomo.

"Hakuna mtoto, mzee. Alipimwa. Alikuwa akitapika kwa sababu ya moshi huu."

Alidhani pengine mzee hakusikia. Lakini mzee alikuwa amelisoma kila neno mdomoni mwake.

Karatasi za kumwachia mwanamke zilichukua mchana wote, maana polisi hufunga haraka na hufungua polepole. Mkuu wa kituo alisaini bila kumtazama mtu. Mzee Sikio aliwekwa kwenye benchi la ukumbini asubiri kuandika maelezo yake, na pengine kosa lake, uzembe uliosababisha kifo. Hakuomba wakili wala maji. Alisema tu waandike yote, wasipunguze.

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Mke wa marehemu alitoka akiwa ameshika viatu vyake mkononi, akamwona mzee, akasimama. Mzee naye alisimama, yeye ambaye watu wazima wa mji ule walikuwa wakisimama kwa heshima yake.

Walitazamana hivyo.

"Gari la kituo liko nje," Bi Kwanini alimwambia mwanamke. "Dereva atakufikisha mpaka mlangoni."

Mwanamke alitazama nje, ambako gari la polisi lilikuwa likinguruma ngazini, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua, moshi mweupe unatambaa nyuma yake. Alivaa viatu vyake taratibu, kimoja kimoja.

"Mvua hiyo, mwanangu," mzee alisema. Sauti ilitoka kwa taabu. "Utaugua."

"Nitatembea, baba," alisema.

Alishuka ngazi, akalipita gari kwa mbali, akaingia mvuani. Mzee Sikio alibaki amesimama akimtazama, mpaka Bi Kwanini alipomgusa bega, akamgeuza amwone mdomo, na kumwambia kwamba sasa ni zamu yake kuingia ndani.